Kizingiti cha Naetwe Hakijakauka

"Sakafu ikikauka, na mimi nitaingia?"

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya fisi na sungura, swali hilo liliulizwa na mtoto wa kike mwenye matope hadi magotini, mbele ya wanawake wazima wa kijiji kizima. Mmoja akainama kunawa mikono aliyokwisha kuinawa. Mwingine akamwita mbuzi ambaye hakuwa amepotea. Nawaomba mlishike swali hilo, maana nitakuja kulidai.

Mtoto aliitwa Naetwe. Kijiji chao kilikuwa juu milimani, Upare, mahali ambapo nyumba zimeushikilia mteremko kama kupe. Huko nyumba haikuitwa nyumba mpaka sakafu yake ikanyagwe. Udongo mwekundu ulichanganywa na majivu na samadi, ukamwagiwa maji, kisha wanawake wakaingia kwa mstari, wakikanyaga na kuimba. Lakini unyayo wa mtu una uvungu, na uvungu huacha kinundu. Kila hatua, kinundu. Baada ya nyimbo, mtu ilibidi apige magoti na kusugua kwa jiwe mpaka kiuno kikatae.

Isipokuwa alipokuwepo Naetwe. Nyayo zake zilikuwa bapa. Zililala chini zote, kisigino mpaka vidole, hata unyasi usingepita katikati. Alipokanyaga, vinundu vya wenzake vilifutika, sakafu ikabaki laini kama mgongo wa kibuyu. Wa kwanza kuligundua hilo alikuwa shangazi yake, Eliwaza, fundi wa sakafu wa kijiji, aliyemlea tangu mama yake afariki. Tangu siku hiyo hakuna nyumba iliyokandikwa bila Naetwe kuitwa.

Mtasema, basi mtoto huyu alipendwa. Subirini.

Sakafu ilipokaribia kukauka, kizingiti kiliachwa kibichi. Mwenye nyumba alimchagua mtu mmoja, yule aliyemwezesha kusimama maishani, na mtu huyo akaweka unyayo wake pale mlangoni, udongo ukakauka na alama yake. Kuanzia hapo mtu huyo aliingia bila hodi mpaka kufa kwake. Wengine wote walipita juu ya alama yake, wakaingia, wakala. Nyumba ambayo kizingiti chake hakikukanyagwa, hakuna mgeni aliyeingia. Na mwenye nyumba haruhusiwi kujikanyagia. Walisema, mwenyeji hajikaribishi.

Siku hiyo ya kula, Naetwe alibaki uani. Kijiji kiliamini kwamba uvungu wa unyayo ndio unaobeba baraka, kama kiganja kilichokunjwa kinavyobeba maji. Unyayo bapa hauna pa kubebea. Tena unafuta. Ukiingia katika nyumba kavu utafuta nyayo za watoto watakaozaliwa humo, utafuta na nyayo za wageni walioko njiani. Kwa hiyo sahani yake ililetwa nje na kuwekwa juu ya jiwe.

Unyayo uleule. Ukiwa na matope, "Mwiteni Naetwe, mbona amechelewa?" Ukiwa mkavu, "Kaa hapohapo mwanangu, chakula kinakuja." Najua wapo watakaoniambia kila mila ina mantiki yake. Sawa. Nionyesheni iko wapi, mimi nimeketi nasubiri.

Hata kwa shangazi yake alilala jikoni, kibanda kilichojitenga na nyumba kubwa. Sakafu ya nyumba kubwa aliikanyaga yeye. Aliijua kwa unyayo, kona kwa kona, na hakuwahi kuiona ikiwa imetandikwa mkeka.

Akakua. Na unyayo bapa wa namna ile haukui peke yake, unakua na maumivu. Kifundo kililalia ndani, goti likafuata kifundo, na kila alipopanda mteremko alihisi kama kamba inavutwa ndani ya muundi. Alipofika umri wa kuposwa alikuwa akitembea ameshikilia kuta za nje za nyumba za watu.

Siku moja, katikati ya sakafu ya jirani, Eliwaza alimwona amesimama kwenye matope, haendi mbele wala nyuma.

"Unalia nini?"

"Silii, shangazi. Ni jasho."

"Jasho la machoni nalijua. Toka humo."

"Sakafu haijaisha."

"Itaisha. Toka."

Eliwaza, pamoja na uzee wake, akambeba mgongoni mpaka kwenye gulio, ambako mtaalamu wa viungo kutoka hospitali ya bondeni alikuwa akipanda kuhudumia watu. Aliitwa Mrindoko. Watu walimwita daktari naye alishachoka kuwasahihisha. Alimlowesha Naetwe unyayo, akamsimamisha kwenye saruji kavu, akaitazama ile alama. Ilikuwa kama ya kipande cha ubao.

"Sasa simama kwa vidole," akamwambia. Naetwe akasimama kwa vidole. "Mama, njoo uone. Akiinua kisigino, uvungu unakuja. Akishusha, unapotea. Mfupa haujagoma. Ni msuli umelala."

"Utampasua?" akauliza Eliwaza.

"Simpasui, simchomi hata sindano."

Akatoa kimashine kidogo, cha kujaa mkononi, chenye nyaya na vibandiko. Akaeleza kwamba vibandiko hukaa juu ya ngozi, upande wa ndani wa unyayo, na umeme mdogo hupita kuuamsha ule msuli. "Lakini inaamsha tu," akasema. "Kusimama ni kazi ya mwenye mguu. Ukihisi inavuta, Naetwe, na wewe vuta. Ukiiachia ivute peke yake, utakuwa na unyayo unaochezacheza tu."

Eliwaza akauliza, "Huo uvungu ukija, utaacha kinundu?"

"Kinundu gani?"

"Kwenye matope."

Mrindoko akacheka, maana hakuelewa anaulizwa nini. "Mama yangu, mwenye uvungu ataacha alama ya mwenye uvungu. Atakuwa kama wewe."

Eliwaza alielewa. Mguu uliokuwa ukimpa jina la fundi ungeondoka. Angerudi kupiga magoti na jiwe, na magoti yenyewe yalishazeeka. Alimtazama yule binti, akaitazama ile alama kwenye saruji mpaka ikakauka.

"Mbandike," akasema.

Mashine ilikuwa moja tu, na taratibu za hospitali zilitaka irudi bondeni pamoja na mtaalamu wake. Mrindoko akaiacha. "Nitagombezwa," akasema, "lakini kuitumia siku za gulio peke yake ni sawa na kumwagilia shamba kwa kijiko." Na kweli aligombezwa, mbele ya walio chini yake kazini.

Sasa, mashine inakula umeme, na kijijini umeme ulikuwa mahali pamoja, kwenye sola ya duka la baba yake Zaina. Zaina alikuwa wa rika la Naetwe. Ndiye aliyembandika jina la Bata walipokuwa watoto, na pale dukani jina likashika kuliko lile la ubatizo.

"Bata, leo umetuletea redio?"

"Si redio. Ni dawa ya miguu."

"Dawa inachajiwa? Haya, ukipona utapokea na simu."

Watu barazani wakacheka. Zaina naye akacheka, kisha akaichukua. Na kila ilipoletwa aliichaji mpaka ikajaa, hata siku za mawingu, hata pale alipolazimika kuzichomoa simu za wateja. Baba yake alimtukana kwa hilo, na siku moja akamnyanyulia mkono. Zaina hakumwambia Naetwe. Alimrudishia mashine akasema, "Shika, Bata. Usiidondoshe kwa huo mwendo."

Jioni Naetwe alikaa jikoni na kujibandika mwenyewe. Kwanza umeme ulikuja kama siafu wanaotembea bila kuuma. Kisha unyayo ukajikunja, kama mtu anayetaka kuokota kitu gizani. Naye akavuta. Ukalegea, akapumua. Ukajikunja, akavuta. Jasho lilimtoka kwa kazi ambayo mtu wa nje angeapa kwamba ni kukaa tu. Kutoka nyumba kubwa alisikia vijiko na watu wakicheka, na alijua wanacheka wakiwa wamekaa kona ipi.

Mashine ilikuwa na kitaa cha kijani. Akaanza kukipa habari za siku.

"Leo tumekanyaga kwa mama Sekiete," alikiambia. "Wamenipa maharage."

Kitaa kikawaka, kikazima, kikawaka.

"Hapana, nimekula nje."

Kikawaka.

Msimu ukapita, na mwingine. Jioni moja Naetwe akaizima mashine, na unyayo wake ukajikunja wenyewe, kwa amri yake. Hakukuwa na wa kumwita aje aone. Akajaribu mguu wa pili.

Gulio lililofuata Mrindoko alimlowesha unyayo, akamsimamisha kwenye saruji. Alama haikuwa tena ya ubao. Upande wa ndani ilikuwa imemegwa kidogo, kama panya amepita. Haukuwa uvungu wa kujivunia. Lakini kifundo kilikuwa kimesimama, goti limenyooka, na ile kamba ndani ya muundi imelegea. Mrindoko akaipiga picha ile alama, akaenda nayo bondeni kuwaonyesha wenzake. Wakampigia makofi. Mwenye mguu hakuitwa.

Kisha ikaja sakafu mpya. Naetwe akaingia kwenye matope kama kawaida yake, akakanyaga, na nyuma yake mwanamke mmoja akasema taratibu, "Jamani, Naetwe ana kinundu."

Wote wakatazama chini. Kilikuwepo. Kidogo, lakini kilikuwepo, na kingine, na kingine.

"Toka, mwanangu," akasema Eliwaza. "Leo pumzika."

Hakuitwa tena.

Na kwa kuwa hakanyagi, hata ile sahani ya uani ikakoma, maana ilikuwa sahani ya mkanyagaji. Akajipa moyo. Siku ya kula, akaoga, akasogea mlangoni na uvungu wake. Wakamzuia kwa upole kabisa. Wakamweleza kwamba uvungu unaobeba baraka ni ule wa kuzaliwa nao. Wa umeme si uvungu. Mmoja akasema, "Huo unabeba betri," na wenzake wakaficha meno kwa khanga.

Hapo ndipo ninaposhindwa kukaa. Bila uvungu, baki nje kwa kuwa huna. Ukiupata, baki nje kwa kuwa umeupata. Kama si mlango wanaoulinda, ni nini?

Naetwe hakubishana. Juu kabisa mlimani kulikuwa na kiwanja cha marehemu mama yake, mahali ambapo miguu yake haikuwahi kumfikisha. Sasa ilimfikisha. Alibeba miti mwenyewe, akachimba udongo mwenyewe, akateka maji mfereji wa chini na kupanda nayo. Sakafu aliikanyaga peke yake, akiimba sauti zote za wimbo. Ikawa na vinundu kila mahali. Katika kijiji kizima, sakafu mbaya ilikuwa ya yule aliyewalainishia wengine zao.

Kikabaki kizingiti. Akakiacha kibichi, akatuma neno kwa watu watatu. Wakapanda, na watu wengine wakafuata kuona nani atachaguliwa, wakasimama njiani.

Eliwaza ndiye aliyeanza. "Mimi nimekulea," akasema. "Kijiji kilipocheka, nilikupa kazi ambayo malkia asingeiweza. Nilikubeba mgongoni. Nilimwambia mtu yule akubandike, hali najua ananinyang'anya mkono wangu wa kulia. Sasa niko magotini na jiwe, Naetwe, na jioni siwezi kunyanyuka bila kushika mlango. Mwingine alitoa nini kilichomuuma kuliko hiki? Unyayo ni wangu."

"Ulimlaza jikoni," akasema Zaina.

"Nyamaza wewe, nazungumza na mtoto wa kaka yangu."

Mrindoko akafuata, viatu mkononi. "Mimi sikukulea," akasema. "Lakini walikutazama miaka yote wakaona sakafu. Mimi nilitazama mara moja nikaona mguu. Bila mimi shangazi yako angekubeba mpaka leo. Niliiacha mashine nikadhalilishwa kwa ajili yake. Nimewasimamisha wengi kule bondeni, wanaondoka wakitembea vizuri, hakuna aliyewahi kusema, karibu kwangu. Nami ningependa mlango mmoja."

"Ulienda kushangiliwa na alama yake," akasema Zaina. "Yeye mwenyewe ulimsahau."

"Na wewe ulimwita Bata," akajibu Mrindoko.

"Nilimwita, sikatai." Zaina akageuka kwa Naetwe. "Bata, mimi sijui maneno ya watu wazima. Mashine yake bila chaji ni kopo. Nilitukanwa kwa ajili yako, nilinyanyuliwa mkono, sikukwambia kwa sababu ungeacha kuileta. Na siku usipokuja na hilo kopo lako, saa za dukani zilikuwa ndefu mpaka jioni. Nyumbani kwetu kila anayeketi ananunua kitu. Sina pa kwenda kukaa tu."

Udongo wa kizingiti ulikuwa umeanza kubadilika rangi pembeni.

"Mmemaliza?" akauliza Naetwe. "Basi na mimi niulize. Zile jioni zote, mashine ikivuta na mimi nikivuta, nani kati yenu aliwahi kuja kukaa jikoni na mimi? Si kunishika mguu. Kukaa tu."

Eliwaza akatazama mikono yake. Mrindoko akavihamisha viatu mkono wa pili. Zaina akafukuafukua udongo wa njia kwa kidole cha mguu.

"Shangazi, ilikuwa hatua chache tu uani."

"Ilikuwa," akasema Eliwaza.

Sauti ikatoka kule njiani, ya mzee mmoja mpenda kumaliza mambo: "Chagua basi, binti. Matope hayasubiri mtu."

Naetwe akautazama unyayo wake wa kulia. Akauinua juu ya kile kizingiti, na watu wakavuta pumzi, maana mwenyeji hajikaribishi, na akijikanyagia nyumba imefungwa mpaka atakapozikwa. Mguu ukakaa hewani, naye amesimama imara juu ya ule mwingine, bila kutetemeka. Zamani usingeweza. Kisha akaurudisha chini, ndani, upande wake.

Akaenda kuchukua kopo la maji. Akaumwagia udongo, taratibu, mpaka ukalainika tena.

"Kesho," akasema.

Na kesho yake akamwagia. Na kesho yake. Kila jua likitaka kukikausha, anakuja na kopo. Mpaka leo kizingiti kile ni kibichi, hakuna aliyeingia, na Naetwe anakula peke yake juu ya vinundu vyake.

Sasa nawasikia mnavyonong'ona. Wa mbele mnasema Eliwaza, kwa kuwa alipoteza. Lakini mtu akikutoa kwenye shimo alilokuwa akikulaza humo, unamshukuru kwa kukutoa au unamuuliza habari za shimo? Wa katikati mnasema Mrindoko. Ndiyo, aliuona mguu, lakini je, alimwona mtu? Kuna wanaompigania Zaina, kwamba aliumia kimyakimya. Naye akaendelea kumwita Bata kwa sauti. Na wajanja wa nyuma, nawajua, mtasema anastahili mwenyewe, maana wote walitoa vitu na yeye ndiye aliyevuta. Kweli alivuta. Lakini mkimpa ushindi huo mmemfungia nyumba yake, mtakwenda kulala kwenye sakafu zenu laini mkijisifu kwamba mmetoa haki.

Je, kati ya wanne hawa, nani alistahili kukikanyaga kizingiti cha Naetwe?

Jadilianeni, hata mkikesha, ni haki yenu. Lakini lile swali la mwanzo, la mtoto mwenye matope magotini, lilikuwa la kwanza na bado halijajibiwa. Kwa hiyo ninaomba kitu kimoja tu. Ukipita njia ile ya juu, hata kama hujapata jibu, simama nje ya mlango wake, upige hodi, kisha ukae naye kidogo, hapohapo nje.